Ng'ombe Anayeangalia Kushoto

Bukavu, Jumapili tarehe 10 Novemba 2024

Kwako Tonton Alphonse, na wote wanaokula kwenye meza yako ya Luvungi,

Yesu asifiwe, tonton. Naanza na goti lako la kuume, maana mara ya mwisho tulipoonana lilikuwa linalalamika kabla wewe mwenyewe hujasimama. Linaendeleaje? Tante Constance yuko salama? Na majirani bado wanakuletea ng'ombe wao uwatazame, kana kwamba hukustaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuwachanja? Christine aliniandikia kwamba mtoto wake ameota meno mawili ya chini, nikafurahi sana. Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha kila siku baada ya saa sita na njia ya kushuka kwetu Kadutu ni utelezi mtupu. Juzi maman aliteleza na beseni lake la dagaa wa sambaza. Yeye hakuumia, lakini sambaza walifuata mfereji, na nadhani sasa hivi wamesharudi ziwani.

Utashangaa kwa nini nakuandikia karatasi wakati nina telefone kumi na moja za kutengeneza juu ya meza yangu ya kazi. Sababu ni mbili. Wewe mwenyewe husema telefone ni ya kuulizana bei ya mafuta, na kwamba mambo ya ukoo yanataka karatasi. Tena, kwa telefone ungenikatiza kabla sijamaliza, na jambo hili likikatwa katikati linaonekana baya kuliko lilivyo. Kwa hiyo nakuomba uketi, uvae miwani, na usiikunje barua kabla hujafika kwenye jina langu. Nimempa Héritier, dereva wa basi la Uvira. Ameahidi kukukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe ni ndoa yangu na Priscille, binti wa Papa Zagabe wa Nyantende. Tangu papa yangu afariki, wewe ndugu yake ndiye unayenisemea, na mwezi wa pili ulinipa ruhusa nipeleke habari kwao. Nilipeleka, wakapokea vizuri. Kisha nikaiharibu mimi mwenyewe, na nimeiharibu kwa mchezo wa telefone.

Unajua kwamba nina kaye ambamo naandika kila siku na tarehe yake. Tarehe 4 Desemba mwaka jana imeandikwa hivi: "Leo nimeanza kujifunza kutunga mchezo. Ordinateur ya Gentil, saa moja kila asubuhi kabla ya wateja." Gentil, mwenye kompyuta hiyo, ndiye yule anayeuza mega za intaneti kwenye meza ya pembeni yangu. Watu wengi huku wanacheza michezo ya magari na bunduki za nchi ambazo hawajafika. Nikajiuliza kwa nini kusiwe na mchezo wa kitu tunachokijua. Basi nikatunga wa kijana anayepandisha ng'ombe wa mahari mlimani mpaka nyumbani kwa mukwe. Njiani kuna matope, kuna mbwa wa jirani, kuna daraja la mti mmoja. Akifika juu, Muzee anatoka, anamzunguka ng'ombe, kisha anakataa na kutoa sababu yake. Kijana anashuka kutafuta ng'ombe mwingine. Nikauita "Mukwe Hajakubali".

Miezi tisa nilijifunza mambo ambayo hakuna aliyenifundisha shuleni. Nilirekodi ng'ombe wa kweli akilia, sauti safi kabisa, nikaona mchezo umekuwa mzito hata telefone za wateja wangu zikazimika zikijaribu kuubeba. Ilinibidi nimpunguze ng'ombe mpaka akabaki na mlio mmoja mfupi, na ili usikike nikaupandisha juu kabisa. Uweke moyoni mlio huo, utaukuta mbele. Halafu mwanzoni Muzee alikuwa anasema Kifaransa. Gentil akacheka mpaka akashika meza. Akaniuliza tangu lini mtu anakataliwa ng'ombe kwa Kifaransa, au huyu mukwe wangu ni mkaguzi wa shule? Nikamgeuza Muzee aseme Kiswahili chetu.

Maneno yake sikuyabuni. Niliyatoa kwenye kaye, kutoka ukurasa mmoja wa mwaka jana, na yalikuwa kumi na tisa. Hapa naandika machache tu. "Ile ngombe inaangalia kushoto." "Pembe moja inaenda Walungu, ingine inaenda Kabare, miye nitafuata gani?" "Iko na macho ya mutu ameisha kula." "Iko mupole sana, italala kwa jirani." Tena nilimchora na kofia na fimbo. Fimbo ni kwa sababu siwezi kuchora vidole. Sababu ya kofia nitaieleza chini.

Mimi ni mtu wa utaratibu, tonton, wewe ndiwe uliyenisifu kwa hilo. Zile sababu kumi na tisa nilizipa namba. Kila asubuhi nilijaribu moja, ikiitika vizuri naweka msalaba mbele yake. Tarehe 11 Septemba misalaba ilikuwa kumi na tisa. Nikaandika chini yake: "Kazi imekwisha." Jumamosi tarehe 14 nikautoa mchezo, ukaingia kwenye duka la michezo la telefone, pale ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuuchukua. Nilimnunulia maman nyama siku ile.

Siku ya tatu Gentil alikuja na telefone mkononi kama mtu anayeleta mashtaka. Alisema: "Weye Delphin, huyu muzee anatakaka nini? Nimemupelekea ngombe makumi mbili na sita! Hata mwami hakuoaka na ngombe mingi vile." Nikamwambia avumilie, karibu atakubaliwa. Alipoondoka nikacheza mwenyewe, kutoka mwanzo kwenda mwisho, kwa mara ya kwanza. Nikagundua kwamba mwisho hakuna. Muzee alimaliza sababu ya kumi na tisa, akarudi ya kwanza. Nilifungua matumbo ya mchezo nikatafuta neno lake la kukubali, na halikuwamo. Nilikuwa nimejaribu kila kilichoandikwa kwenye kaye. Kisichoandikwa sikukijaribu.

Nilingoja matusi. Yakaja, lakini si kama nilivyofikiri. Mtu mmoja aliupa mchezo nyota tano, akaandika: "Iko kweli kabisa. Hata miye, bananizungusha hivi miaka mbili." Mwingine alitoa nyota moja, akaeleza kwamba mchezo ni mzuri ila Muzee apigwe. Mama mmoja aliandika kwamba amempelekea ng'ombe arobaini, na kwamba sasa anacheza ili tu asikie atasema nini.

Ajabu ni kwamba duka lilihesabu watu kumi na mmoja tu waliouchukua, wakati mimi nausikia ng'ombe wangu akilia kila ninapopita, Nyawera, sokoni, hata kwenye foleni ya maji. Ilinichukua wiki mbili kuelewa. Huku nani anapoteza mega kwa mchezo? Watu walikuwa wanarushiana kutoka telefone hadi telefone, bure. Na wa kwanza kuwapa nilikuwa mimi. Ili kujaribu mchezo kwenye telefone za kila aina, nilikuwa nauweka kwenye kila moja iliyoletwa kutengenezwa. Niliandika kwa utaratibu tarehe ya kuuweka. Tarehe ya kuufuta sikuandika, kwa sababu sikuufuta. Mama mmoja alinirudia na telefone yake akisema: "Fundi, nilikuletea juu ya kioo. Sasa iko inalia kama ngombe. Unalipishaka na hiyo?" Kati ya telefone hizo, tonton, moja ilikuwa ya katekista wa Nyantende.

Tarehe 5 Oktoba nilijaribu kurekebisha. Nikaamua kwamba kwa ng'ombe wa tano Muzee atasema tu, "Sawa, nimekubali." Nilidhani watashangilia. Wakanikasirikia kama nimewaibia. Gentil alitupa telefone juu ya meza akauliza ni mukwe gani anakubali hivi hivi, bila sababu, kama mtu anayepokea chenji. Kila mtu akabaki na mchezo wa zamani, usio na mwisho. Niliandika kwenye kaye: "Wanataka kushinda, lakini hawataki kudanganywa." Nikakaa na swali langu: Muzee wa kweli hukubali kwa sababu gani?

Wakati mimi nawaza hayo, mambo yalikuwa yanaiva Nyantende. Jumapili tarehe 13 Oktoba katekista alisimama kanisani kusoma majina ya wachumba. Alipofika kwenye maneno kwamba anayejua kizuizi aseme, ng'ombe akalia kutoka mfukoni mwake. Mlio mmoja, mfupi, juu kabisa. Priscille aliyekuwapo aliniambia baadaye kwamba padri mwenyewe aliinama kama anayetafuta kitu chini. Baada ya misa kila mtu akataka kuuona huo mchezo. Wakaona mlima, wakaona migomba, wakaona muzee mwenye kofia na fimbo. Na Papa Zagabe, tonton, ana kofia na fimbo, na havui kofia ile isipokuwa mbele ya Ekaristi.

Walimsumbua vibaya. Akipita njiani wanamuuliza kama ng'ombe ameshanyooka macho. Akimiminiwa pombe ya kasiksi anaambiwa: "Onja, Papa Zagabe, lakini leo inaangalia kushoto." Mtu ambaye alikuwa anatatua ugomvi wa mipaka ya mashamba, sasa akifungua kinywa watu wanaangaliana na kuanza kukohoa vicheko. Priscille alikuja Kadutu mara moja tu baada ya hapo. Hakuketi. Aliniuliza kama kumwomba papa yake binti kulinichosha hata nikaamua kumchora, akaondoka. Majuma mawili hakupokea telefone yangu. Niliandika kwenye kaye tarehe na saa za kumwita, mpaka nikaona ukurasa unanicheka, nikaacha.

Jumapili iliyopita, tarehe 3, Papa Zagabe aliniita baada ya misa. Nilivaa koti la papa yangu, nikachukua kaye chini ya kwapa, nikaenda. Alikuwa ameketi salon, kwenye sebule yao, na telefone yake mkononi, na niliposalimu aliinua kidole nisubiri, maana alikuwa anavuka daraja la mti mmoja. Alifika juu. Muzee akamwambia kwamba ng'ombe ni mpole sana, atalala kwa jirani. Papa Zagabe akaweka telefone chini polepole. Akaniambia: "Hii ni ya makumi sita na moja. Huyu mutu haiko na haya?" Halafu akanitazama chini ya ile kofia, akaniuliza swali moja tu: "Ni miye?"

Alisema kwamba nikidanganya, mambo ya Priscille yamekwisha siku hiyo hiyo. Na nikisema ndiyo, yamekwisha pia.

Tonton, hapa nakuomba uvue miwani, uipanguse, uvute pumzi, uivae tena.

Nilimwambia kwamba si yeye. Nilimwambia Muzee ni tonton yangu Alphonse wa Luvungi.

Ndiyo. Ni wewe. Ukurasa ule wa kaye ni wa Jumamosi tarehe 12 Agosti mwaka jana, siku ulipopokea mahari ya binti yako Christine. Nilikuwa nimeketi pembeni ya mlango, na kila neno ulilosema juu ya wale ng'ombe niliandika, kwa sababu sikuwahi kusikia mtu akiwajua ng'ombe namna ile. Naapa sikuandika kwa kukucheka. Wale wakwe walipoanza kutoka jasho, mimi nilikuwa najivuna kwamba ni tonton yangu. Na kofia, tonton, niliivika kwa heshima yako. Nilipomchora Muzee mara ya kwanza alikuwa na kipara, na kila mtu wa ukoo angekujua kwa mbali. Nikakificha. Nilipoficha kichwa chako, nikamfichua Papa Zagabe.

Alinitaka nithibitishe. Nikafungua kaye nikamsomea zote kumi na tisa, kwa namba. Kwenye ya tatu alijikaza. Kwenye ya tisa, ile uliyosema kwamba ng'ombe anatembea kama anakwenda kutoa ushahidi, bega lake likaanza kutikisika. Kwenye ya kumi na saba alivua kofia akajifutia machozi nayo, na mimi nikaona kwamba chini yake kuna kipara kama chako. Akasema mtu aliyetoa maneno hayo anawajua ng'ombe kuliko wanavyojijua. Kisha akauliza mwishoni ulisema nini ulipokubali.

Nikamjibu kwamba sijui. Ukurasa umekatikia kwenye namba kumi na tisa, "Tutaona", kwa sababu hapo hapo ulinituma nikalete kazie, kreti nzima ya bia, barabarani, na niliporudi ng'ombe walikuwa wameshaingia zizini na watu wanapiga makofi. Ndiyo maana mchezo wangu hauna mwisho. Sikuwapo.

Papa Zagabe alirudisha kofia kichwani. Alianza kusema kwamba basi na yeye atafikiri, kwamba mambo ya binti si ya haraka, na nikaona wazi kwamba "Tutaona" iko njiani. Ndipo kutoka jikoni nikasikia Maman Emérence, mama ya Priscille, akikohoa. Mara moja tu. Kikohozi kikavu, cha mtu asiye mgonjwa.

Papa Zagabe akanyoosha kofia yake. Akasema: "Mukuye tarehe makumi mbili na tatu, siku ya posho," yaani tupeleke mahari Jumamosi ya tarehe 23.

Nilishuka mlima nikitafakari kikohozi kile. Siku iliyofuata, saa ambazo najua uko kwenye ng'ombe wa jirani, nilimpigia Tante Constance, nikamuuliza nini kilitokea siku ile nilipofuata bia. Alicheka muda mrefu hata nikaogopa mega zangu kuisha. Tafadhali usimlaumu, nilimlazimisha. Aliniambia kwamba uliposema "Tutaona" chai yake ilikuwa inapoa, akakohoa kutoka jikoni, nawe ukasema, "Basi, ingizeni." Halafu akaniambia neno ambalo nimeliandika kwa wino mwekundu: "Delphin, weye unaandikaka mambo ya salon tu. Kaye yako haiyafikaka ku jikoni."

Nimeshautengeneza mchezo. Nyuma ya nyumba ya Muzee nilikuwa nimechora moshi, kwa urembo tu. Sasa mchezaji akipita kwanza nyuma na kusalimu pale penye moshi, atakuta mtu. Gentil aliujaribu jana. Aliposikia kikohozi, na Muzee akasema "Basi, ingizeni," aliruka juu ya kiti akamwaga kopo la pesa zote za mega za siku. Akasema sasa iko kweli. Lakini sijautoa, kwa sababu Papa Zagabe bado anacheza ule wa zamani. Priscille, ambaye sasa anapokea telefone yangu, anasema amefika ng'ombe wa themanini na tatu, na ameapa kukushinda kabla ya tarehe 23. Siwezi kumwambia. Natumaini utanielewa.

Sasa ombi langu. Papa Zagabe ameweka sharti moja. Hataki msemaji mwingine wa ukoo wetu, anakutaka wewe. Alisema: "Huyo tonton yako njo ataongea. Nataka nimusikie naye anaombaka." Ng'ombe wetu atapelekwa mbele yako, naye atamzunguka. Naogopa ameshazikariri zote kumi na tisa, na atakurudishia moja moja, mbele ya watu. Najua hukuzoea kusimama upande huo. Lakini bila wewe, Priscille si wangu. Kama umekasirika, kasirika, uko na haki, ila uje umekasirika hivyo hivyo.

Uchague ng'ombe wewe mwenyewe. Shingo yake uitazame vizuri. Na Tante Constance asibaki nyumbani, maana Maman Emérence ameomba wakae naye jikoni. Siku hiyo Papa Zagabe akikuzungusha, wewe endelea kuongea, tonton, hata kama huna tena la kusema. Sikio lako liwe kule kwenye moshi.

Héritier atalala Uvira na kupita tena kwako kesho kutwa asubuhi. Mpe jibu lako. Nitapokea neno lolote isipokuwa "Tutaona".

Msalimie Christine na bwana yake, na mtoto mwenye meno mawili. Maman anakuinamia, na anasema goti ulisugue na mafuta ya mawese ya moto. Mungu awalinde katika joto lenu, nasi katika matope yetu.

Ni mimi mtoto wako,

Delphin

Nimesahau moja: Tante aliniambia ana kikohozi cha kifua tangu wiki iliyopita. Asinywe dawa mpaka tarehe 24.